Daktari kasema neva ya jicho ikifa haiamki. Mbona panya wa maabara wanaona tena?

#1 Kaka_Mkubwa
Habari wakuu. Wiki saba zilizopita mdogo wangu alianguka kutoka kwenye ngazi akajigonga paji la uso, juu kidogo ya nyusi ya kulia. Jicho halikutoa hata tone la damu. Ukimtazama huoni kasoro yoyote. Tatizo ni kwamba jicho hilo halioni, anaambulia mwanga kidogo kwa pembeni tu.

Daktari wa kwanza alimulika ndani, akasema kila kitu kizima, akadokeza kwamba kijana anaigiza. Wa pili tumemwona wiki iliyopita. Huyu kasema neva imepauka, "ikifa haiamki, azoee."

Juzi nikasoma kwamba kuna mtafiti aliponda neva ya jicho la panya, akamtibu, panya akaona. Na kuna watu wametupigia simu wakisema watamdunga seli shina jichoni, zile seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine. Nani mkweli hapa?

#2 Mtia_Nanga
Natia nanga, nasubiri wajuvi.

#3 Nesi_wa_Zamu
Pole kwa mgonjwa. Nianze na huyo daktari wa kwanza. Kuona ndani kuzima hakukuwa kosa lake. Ukigongwa kwenye paji la uso, nguvu ya pigo husafiri kwenye mfupa hadi kwenye ule mfereji mwembamba ambamo neva hupita kuelekea ubongoni. Neva inaumia huko nyuma, na mwanga wa kipimo haufiki huko. Kichwa cha neva, kile kinachoonekana ndani ya jicho, hupauka baada ya wiki 4 hadi 6 hivi. Kwa hiyo wa pili kaona kilichokuwa hakijafika.

Kosa lake ni kusema anaigiza bila kupima mboni. Unamulika jicho zima, mboni zote mbili zinasinyaa. Unahamisha tochi haraka kwenye jicho bovu. Kama neva imeumia, mboni zinatanuka wakati taa iko palepale inaziwakia. Hilo hakuna binadamu anayeweza kuliigiza, hata mcheza sinema.

#4 Kaka_Mkubwa
Nesi asante sana. Huyo wa pili alifanya hivyohivyo na tochi, alikuwa akihesabu moja mbili, moja mbili. Sikujua anatafuta nini.

#5 Panya_wa_Maabara
Nimeitwa na mtu kwenye uzi huu. Ndiyo, kazi yangu ni majeraha ya retina (ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga) na neva ya jicho, upande wa maabara, si wodini. Kwa hiyo sitasema chochote kuhusu mgonjwa.

Jaribio lenyewe liko hivi. Panya analazwa usingizi wa dawa, unafika nyuma ya jicho, unaibana neva kwa koleo nyembamba kwa sekunde chache, milimita moja hivi nyuma ya jicho. Hukati. Gamba la nje linabaki, nyuzi za ndani zote zinakatika. Kwa binadamu neva moja ina nyuzi kama milioni 1, na kila uzi ni mkia wa seli moja iliyokaa kwenye retina. Kwa panya aliyebanwa, nyingi ya seli hizo hufa ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo shida ni mbili, na watu huzichanganya: kwanza seli isife, pili uzi uote upya.

Habari aliyosoma mleta uzi yaelekea inatoka kwenye mlolongo ulioanza 2008. Kundi la Zhigang He kule Boston lilizima jeni iitwayo PTEN ndani ya seli hizo. PTEN ni breki ya ukuaji. Walipoitoa, seli nyingi zaidi zilibaki hai na baadhi ya nyuzi zikavuka mahali palipobanwa. Mwaka 2011 wakazima breki mbili kwa pamoja, PTEN na SOCS3, nyuzi zikaenda mbali zaidi. Maoni yangu: tatizo limo ndani ya seli. Ikikomaa, inajifunga breki.

#6 Bingwa_wa_Ubishi
Kwa hiyo wewe ukiponda macho ya panya unaitwa mtafiti, mimi nikiponda panya jikoni naitwa muuaji. Haya.

Swali la maana sasa. Panya hasomi herufi ukutani. Mnajuaje kwamba ameona?

#7 Panya_wa_Maabara
Hahaha. Anawekwa juu ya kijukwaa, amezungukwa na picha ya mistari inayozunguka. Akiiona, kichwa chake kinaifuata bila yeye kutaka. Unapunguza upana wa mistari hadi kichwa kitulie. Hapo ndipo uwezo wake ulipoishia.

#8 Mzee_Darubini
Kijana wa #5 amesema vizuri ila ameruka historia, na historia inampinga.

Mwaka 1911 Francisco Tello, mwanafunzi wa Ramón y Cajal, yule bingwa Mhispania wa seli za neva, alipachika kipande cha neva ya mguuni kwenye njia ya neva ya jicho la sungura. Aliona nyuzi zikiingia mle. Miaka ya 1980 Albert Aguayo na wenzake huko Montreal wakalirudia kwa vipimo bora: walikata neva ya jicho la panya, wakaunga kipande cha neva ya mguu, nyuzi za jicho zikapita humo hadi kwenye ubongo na kufunga mafundo na seli za huko. Seli ni zilezile. Hakuna jeni iliyozimwa. Kilichobadilika ni barabara.

Neva ya jicho ni sehemu ya ubongo iliyotoka nje kuchungulia. Imevikwa mafuta na seli za aina ya ubongoni, si zile za mguuni au mkononi. Martin Schwab alionyesha kwamba ndani ya mafuta hayo mna protini inayoziambia nyuzi zisimame. Ikaja kuitwa Nogo. Mimi nasema ugonjwa uko njiani, si kwa msafiri.

#9 Panya_wa_Maabara
Mzee shikamoo. Nakubali yote isipokuwa hitimisho. Seli zilizoingia kwenye kile kipande cha neva zilikuwa chache sana ukilinganisha na zilizokufa. Na ukiondoa Nogo peke yake kwenye neva ya jicho, kinachoota ni kidogo mno. Barabara ikifunguliwa, wasafiri wengi bado wamelala.

#10 Mzee_Darubini
Marahaba. Basi tuseme wamelala kwa sababu walizoea barabara kufungwa.

#11 Bingwa_wa_Ubishi
Apendaye, chongo huita kengeza. Kila mmoja anapenda ya maabara yake.

#12 Kiherehere
Naomba kuuliza kama mtoto mdogo. Nimesikia chura na samaki neva zao zinaota upya zenyewe. Wao hawana PTEN? Hawana mafuta?

#13 Jicho_la_Tatu
Kiherehere umegusa pale ninapopapenda. Miaka ya 1940 Roger Sperry alikata neva ya jicho la chura, kisha akaligeuza jicho lenyewe digrii 180, juu likawa chini. Neva ikaota. Chura akaona. Ila nzi akiwa juu, chura anarukia chini. Nzi akiwa chini, anarukia juu. Na hakuwahi kujirekebisha. Maana yake kila uzi ulirudi kwenye kituo chake cha zamani kabisa ubongoni, kana kwamba una anwani. Sperry alikuja kupata Nobeli 1981, ingawa ilikuwa kwa kazi yake nyingine ya pande mbili za ubongo.

#14 Mzee_Darubini
Nyongeza ndogo: alianza na wale salamanda wadogo wa majini, vyura wakafuata.

#15 Jicho_la_Tatu
Sawa mzee, nimesahihishwa.

#16 Panya_wa_Maabara
Kiherehere, PTEN wanayo. Kinachotofautiana ni kwamba samaki seli zake zikijeruhiwa zinaweza kuwasha tena jeni za ukuaji, zetu haziwashi vya kutosha. Na samaki pundamilia anafanya zaidi: retina ikiharibika, seli zake za kuhudumia, ziitwazo seli za Müller, zinagawanyika na kuzaa seli mpya za kuonea. Sisi seli za Müller tunazo, ila zikipata jeraha zinatengeneza kovu.

#17 Mlinda_Mlango
Mimi nilipigwa mpira jichoni, karibu kabisa, shuti la mita mbili. Kwa siku kadhaa katikati palikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikajua ndiyo basi. Baada ya wiki tatu nikawa mzima. Sasa mbona daktari wa mleta uzi anakata tamaa mapema hivi?

#18 Nesi_wa_Zamu
Mlinda mlango, wewe si neva iliyoumia. Yaelekea ulipata mtikisiko wa retina, alioueleza daktari Mjerumani aitwaye Berlin mwaka 1873. Retina inageuka nyeupe kwa sababu ncha za seli za kuonea zimevurugika. Seli zenyewe zikiwa hai zinajenga ncha mpya, na uoni unarudi. Ukuta ukibomoka unajengwa, waya uliokatika ni hadithi nyingine.

Ila ulienda kuangaliwa tena? Pigo la namna hiyo huweza kuacha tundu kwenye retina. Ukiona cheche za mwanga, vidoa vyeusi vinavyoelea, au pazia linashuka kutoka upande mmoja, usingoje kesho. Retina ikibanduka inatibika, na kuwahi ni kila kitu, hasa kabla katikati haijabanduka.

#19 Mlinda_Mlango
Sikurudi. Vidoa ninavyo viwili vitatu tangu wakati ule. Nesi umeniharibia usiku.

#20 Nesi_wa_Zamu
Bora niharibu usiku mmoja. Nenda.

#21 Mjuzi_wa_Vidonge
Mimi nashangaa hamjataja steroidi. Neva imevimba ndani ya mfereji wa mfupa, si ungempa dozi kubwa ya kutuliza uvimbe siku ileile? Au upasuaji wa kupanua mfereji. Naona kijana alicheleweshwa.

#22 Dk_Asiyelala
Hilo lilifanyiwa utafiti, wa kimataifa, ulitoka 1999. Wagonjwa 133 wa jeraha la neva ya jicho, waliolinganishwa ni 127 walioumia jicho moja. Kati ya waliopewa steroidi, 52% waliongeza mistari mitatu au zaidi kwenye ubao wa kupimia. Waliopasuliwa mfereji, 32%. Ambao hawakupewa kitu, 57%.

#23 Mjuzi_wa_Vidonge
Subiri. Wasiotibiwa ndio walipona zaidi?

#24 Bingwa_wa_Ubishi
Hapo ndipo naipenda sayansi. Tiba bora ni kumkwepa daktari.

#25 Panya_wa_Maabara
Msikimbie na hiyo 57%. Kundi la wasiotibiwa lilikuwa na watu 9 tu, la steroidi 85, la upasuaji 33. Na hawakugawanywa kwa kura, kila daktari alichagua mwenyewe. Huenda waliopasuliwa ndio walioumia vibaya zaidi. Unachoweza kusema ni kwamba hakuna tiba iliyoonyesha faida ya wazi.

#26 Dk_Asiyelala
Kweli, niliziandika harakaharaka. Niongeze la pili, zito zaidi. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa CRASH wa watu 10,008 waliogongwa kichwa, huu uligawanya kwa kura. Waliopewa steroidi dozi kubwa walikufa zaidi ndani ya wiki mbili: 21.1% dhidi ya 17.9%. Aliyeanguka akagonga paji la uso ni mgonjwa wa kichwa kabla hajawa wa jicho. Kwa hiyo Mjuzi, kuchelewa kwake kupata steroidi sioni kama kulimwibia kitu.

#27 Mjuzi_wa_Vidonge
Lakini mama yangu mdogo neva ya jicho ilivimba, akapewa hizohizo kwa mshipa, akaona ndani ya siku chache.

#28 Dk_Asiyelala
Kwake neva ilishambuliwa na kinga ya mwili, haikupondwa. Huko steroidi za mshipa huharakisha kupona, ingawa baada ya miezi kadhaa waliopewa na wasiopewa hukutana karibu palepale. Jina la neva ni moja, ajali ni tofauti.

#29 Kiherehere
Mzee Darubini na Panya, kuna mahali nimesoma uvimbe ndio unaosaidia neva kuota. Sasa tutulize uvimbe au tuuchochee?

#30 Panya_wa_Maabara
Ukiuliza kama mtoto unatutia aibu watu wazima. Larry Benowitz na wengine waligundua kwamba panya ambaye lenzi yake ilitobolewa, nyuzi zake ziliota vizuri kuliko ambaye lenzi haikuguswa. Jeraha juu ya jeraha likawa dawa! Maelezo yao ni kwamba seli za kinga zinaingia ndani ya jicho zikiwa zimebeba protini ya kuchochea ukuaji, oncomodulini, waliyoitangaza 2006. Wengine wakabisha kwamba si hiyo, ni vichocheo vingine vinavyotolewa na seli za kuhudumia za retina yenyewe. Bado wanabishana.

Na mwaka 2017 kundi hilohilo likaja na zinki: baada ya neva kupondwa, zinki inajikusanya kwenye retina ndani ya muda mfupi, siyo kwanza kwenye seli zenye mikia bali kwa jirani zake. Ukiinasa hiyo zinki kwa dawa, seli nyingi zinabaki hai na nyuzi zinaota. Kwa hiyo sasa tuna breki, barabara, uvimbe na jirani.

#31 Bingwa_wa_Ubishi
Washukiwa wanne na marehemu mmoja. Hii kesi haitaisha.

#32 Uzee_Dawa
Mmesahau ya 2020. Watu wa Harvard waliweka jeni tatu, Oct4, Sox2 na Klf4, ndani ya virusi wasio na madhara wakadunga jicho la panya. Seli zikarudi ujana, neva ikaota, panya waliopondwa neva wakaona tena. Tatizo ni uzee wa seli, basi.

#33 Panya_wa_Maabara
Sahihisho. Panya waliopondwa neva, kilichoonyeshwa ni seli kubaki hai na nyuzi kuota. Kuona kuliongezeka kwa panya wa makundi mengine: wenye presha ya macho na waliozeeka. Magazeti yaliunganisha sentensi mbili zikawa moja.

#34 Mzee_Darubini
Na hapo ndipo lilipo jibu la mleta uzi, ila vijana mnapenda jeni kuliko ramani. Uzi ukiota, unakwenda wapi? Waliopiga picha neva nzima kwa pande zote waliona nyuzi nyingi zimepinda, zimerudi nyuma, nyingine zimevuka kwenda neva ya jicho la pili. Chura wa Sperry alikuwa na anwani. Panya mkubwa anwani ameipoteza, au ameisahau. Kwa panya safari ni milimita chache. Kwa mtu, neva peke yake ni sentimita 5 hivi kabla ya njia panda ambapo neva za macho mawili hukutana, na bado kuna safari mbele.

#35 Jicho_la_Tatu
Na hata ikifika. Mwaka 2016 walifanya jeraha karibu na mwisho wa njia ili safari iwe fupi. Nyuzi zikafika, zikafunga mafundo na seli za ubongo, panya akabaki haoni! Nyuzi mpya zilikuwa uchi, hazina lile gamba la mafuta, umeme unavujia njiani. Walipompa dawa inayoziba milango ya potasiamu, ndipo kichwa kikaanza kufuata mistari. Mzee, mafuta yako uliyoyashtaki #8 yamegeuka kuwa yanahitajika.

#36 Mzee_Darubini
Nimeyaona. Nayanywa polepole.

#37 Kaka_Mkubwa
Wakuu nashukuru, nimesoma kila jibu, mengine mara mbili. Ila wale wa seli shina wamepiga tena leo asubuhi. Wanasema watachukua mafuta ya tumboni mwake, wayasafishe, wadunge jichoni.

#38 Dk_Asiyelala
Usikubali. Mwaka 2017 jarida la tiba la Marekani, NEJM, lilichapisha habari za wanawake watatu kule Florida waliodungwa hivyohivyo, seli za mafuta ya tumbo, macho yote mawili kwa mkupuo. Walikuwa na ugonjwa wa katikati ya retina lakini walikuwa wakiona. Waliishia upofu au karibu na upofu, retina zimebanduka, damu ndani. Na walikuwa wamelipa kutoka mfukoni, jambo ambalo peke yake ni alama nyekundu: utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa ada ya kujaribiwa.

Na fikiria tu: seli ya mafuta, hata ikiishi, itaotesha mkia wa sentimita kadhaa hadi ubongoni kwa amri ya nani?

#39 Mtia_Nanga
Nimeng'oa nanga kidogo. Si kuna mtu alipandikizwa jicho zima?

#40 Nesi_wa_Zamu
Ndiyo, New York, Mei 2023, pamoja na sehemu ya uso. Jicho limekaa, damu inapita, retina ilionyesha dalili ya umeme ikimulikwa. Haoni. Kila kitu kimeungwa isipokuwa kile tunachobishania hapa tangu juzi.

#41 Kiherehere
Nje ya mada. Ni kweli jicho moja likiumia la pili nalo laweza kufa kwa huzuni?

#42 Dk_Asiyelala
Huzuni hapana. Kinga ndiyo. Jicho likichanwa, mwili unaweza kukutana na vitu vya ndani ya jicho ambavyo haukuvizoea, ukaanza kushambulia na lile zima. Ni nadra. Louis Braille alijitoboa jicho moja kwa chombo cha baba yake akiwa na miaka mitatu, kisha akapoteza na la pili. Wengi wanadhani ndiyo hiyo. Kwa ndugu yetu jicho halikuchanwa, kwa hiyo Kaka_Mkubwa usiongeze hofu.

#43 Mdogo_Mwenyewe
Mimi ndiye mdogo mtu. Kaka alinionyesha uzi jana, nimefungua akaunti. Jicho la kushoto linasoma bila shida, msinihurumie sana. Asanteni kwa la mboni, nitamtumia yule aliyesema naigiza. Bingwa, ya muuaji wa panya nimecheka.

Za seli shina nimewaambia hapana. Panya_wa_Maabara, nina swali moja tu: ule mwanga ninaouona pembeni, ni nyuzi zilizobaki au zinazoota?

#44 Panya_wa_Maabara
Karibu. Zilizobaki. Kwa panya tunajua si seli zote ni sawa. Kundi moja lilizigawa aina 46 mwaka 2019, aina nyingine zinakufa karibu zote, nyingine zinavumilia. Kwa nini hizo zinavumilia ndicho kinachonitoa kitandani asubuhi. Mwambie daktari wako akupime eneo unaloona, aandike, apime tena baadaye. Usiache jicho la kushoto bila miwani ya kinga ukifanya kazi za mikono.

#45 Mdogo_Mwenyewe
Sawa. Kinachonisumbua kweli wala si giza. Nikimimina maji kwenye glasi yanaingia mezani.

#46 Chongo_Mstaarabu
Nimesoma uzi mzima kimya, hapa ndipo zamu yangu. Mwaka wa kumi na mbili na jicho moja. Gusisha mdomo wa jagi kwenye ukingo wa glasi kwanza, usikie "ting", ndipo uinamishe. Ngazi za kushuka, tafuta ukingo kwa kisigino. Mtu akikupa kitu, nyoosha kiganja akiweke yeye, usikifuate. Na ukae upande wa kulia wa meza, watu wote wawe kushotoni kwako.

#47 Mdogo_Mwenyewe
Nimejaribu ya glasi sasa hivi. Ting.

#48 Bingwa_wa_Ubishi
Ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho. Mlinda_Mlango, umeenda kuangaliwa au bado?